Metformini haichomi sukari

Mdogo wangu aliniuliza juzi swali ambalo nimelisikia kwenye mabenchi ya kliniki za kisukari kuliko swali lingine lolote: "Kaka, hii dawa yako si ndiyo inayochoma sukari?" Nikamwambia hapana. Akauliza, sasa inafanya nini? Papo hapo nikaona usoni mwake kwamba amejuta kuuliza, maana ananijua. Yeye nilimpa jibu fupi. Refu naliweka hapa, ambako msomaji anaweza kuondoka bila kuaga.

Metformini, kidonge ambacho wengi wetu wenye kisukari cha aina ya pili huanzishiwa kabla ya dawa nyingine yoyote, haichomi chochote. Inafanya karibu kinyume chake: inaingia ndani ya seli na kuizuia kidogo isichome chakula kwa kasi yake ya kawaida. Ukikaa ukalitafakari, ni jambo la ajabu. Ugonjwa wenyewe ni wa nishati kuzagaa kwenye damu bila kupata pa kwenda, halafu dawa inayoutuliza ni ile inayoipunguzia seli nishati. Kilichonisukuma nianze kuisoma dawa hii, nikiri wazi, hakikuwa mapenzi ya sayansi. Lilikuwa tumbo. Nitalifikia.

Tuanze na seli. Karibu kila kazi ya mwili, iwe pigo la moyo au ujenzi wa protini, hulipiwa kwa molekuli iitwayo ATP. Molekuli hii haiwekwi akiba. Kwa wakati wowote mwili mzima una chini ya robo kilo yake, lakini kwa siku moja huitumia na kuitengeneza upya, tena na tena, kwa kiasi kinachokadiriwa kukaribia uzito wa mtu mwenyewe. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwenye mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli. Elektroni zilizotolewa kwenye chakula hupokezanwa na protini zilizopangana katika utando wa ndani wa mitokondria hadi zikutane na oksijeni tunayoivuta, na njiani nishati yake hutumika kusukuma protoni upande wa pili wa utando. Protoni hizo zikirudi, hupitia katika kimeng'enya kinachozunguka, na mzunguko huo ndio unaounda ATP. Mwingereza Peter Mitchell alilitoa wazo hili mwaka 1961, akabishiwa kwa miaka, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Elektroni nyingi huingia kwenye msururu huo kupitia protini kubwa mno iitwayo kompleksi ya kwanza. Kwa binadamu imeundwa kwa vipande 45, ina umbo la herufi L, na kila jozi ya elektroni ikipita, husukuma protoni 4. Hapo ndipo metformini inapogusa.

Jambo hilo lilichelewa sana kujulikana. Daktari Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa metformini mjini Paris mwaka 1957. Ushahidi kwamba dawa inazuia kompleksi ya kwanza ulitoka mwaka 2000, kutoka kwa makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake: moja la Grenoble, Ufaransa, na jingine la Andrew Halestrap wa Bristol, Uingereza. Katikati hapo ni zaidi ya miaka 40 ya watu kumeza kidonge ambacho hakuna aliyeweza kusema kinashika wapi. Sisemi hivi kulaumu. Dawa ilipimwa kwa wagonjwa, sukari ilishuka, watu wakaishi. Ninachotaka kusema ni kwamba kujua kuwa dawa inafanya kazi, na kujua inavyofanya, ni safari mbili tofauti, na ya pili haijafika hadi leo.

Ugomvi mkubwa wa safari hiyo ni wa vipimo, na naomba uvumilivu kidogo kwa sababu ndio uliobadilisha namna ninavyosoma habari zote za dawa. Katika damu ya mtu anayemeza dozi ya kawaida, metformini hufika mikromola 10 hadi 20 hivi kwa lita. Katika majaribio mengi ya maabara, seli zilizo kwenye sahani humwagiwa milimola kadhaa, yaani mara mia au zaidi. Ukiimwagia seli dawa mara mia ya kiasi kinachopatikana mwilini, utazuia kompleksi ya kwanza bila shaka, na utazuia mengine chungu nzima. Kwa hiyo wapinzani waliuliza swali la haki kabisa: haya mnayoyaona kwenye sahani yanatokea kwa mtu aliye hai?

Jibu la upande wa Bristol lilitegemea kemia ya dawa yenyewe. Metformini ni molekuli ndogo yenye chaji chanya. Ndani ya mitokondria kuna chaji hasi ukilinganisha na nje, tofauti ya zaidi ya milivolti 150, ambayo inatokana na kazi ileile ya kusukuma protoni. Basi dawa huvutwa ndani na kujilimbikiza, ila polepole, kwa sababu haipiti kwenye utando kirahisi. Walipowapa seli mikromola 50 tu lakini wakasubiri saa nyingi, upumuaji wa seli ulipungua. Na katika mpango huu kuna kitu ninachokipenda: dawa huingizwa na nguvu ileile ambayo dawa yenyewe huidhoofisha. Nguvu ikipungua, na dawa inayovutwa inapungua. Hiyo ni moja ya sababu zinazotolewa za metformini kubana kwa upole pale ambapo sumu kama rotenoni, inayoshika protini hiyohiyo, huua. Mwaka 2023 kundi la Judy Hirst wa Cambridge lilichapisha picha za kompleksi ya kwanza ikiwa imeshikwa na jamaa wa metformini, ndani ya njia inayopaswa kupitisha kitu kingine.

Tangu nielewe hilo, nikikutana na kichwa cha habari kisemacho metformini imeua seli za saratani, natafuta kwanza kiasi kilichotumika. Mara nyingi kiasi hicho kingemuua na mgonjwa.

Sasa, upungufu mdogo wa nishati unawezaje kushusha sukari? Twende kwenye ini. Usiku, mtu akiwa hajala, ini ndilo linalolisha ubongo. Hutoa sukari iliyohifadhiwa, na pia hutengeneza glukosi mpya kutoka kwenye lakteti (mabaki ya sukari iliyotumiwa bila oksijeni), vipande vya protini na gliseroli ya mafuta. Kazi hii ya pili ni ghali: kila molekuli moja ya glukosi inayotengenezwa kutoka kwenye lakteti hulipiwa kwa molekuli 6 za ATP au za jamaa yake GTP. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ini halisikii vizuri amri ya insulini ya kuacha, hivyo huendelea kumwaga glukosi ambayo hakuna aliyeiomba. Ndiyo maana mtu hulala na njaa akaamka na sukari ya juu, na kumshutumu mwenzake kwamba amekula usiku ni kumwonea. Mwaka 2000 watafiti wa Yale waliwapima wagonjwa na kukuta utengenezaji huu wa glukosi mpya ni kama mara 3 ya ule wa watu wasio na kisukari. Metformini iliupunguza kwa zaidi ya theluthi moja.

Fikiria nyumba ambayo mshahara wake umepunguzwa kidogo. Hakuna anayelala njaa, ada inalipwa, taa inawaka. Lakini ile tabia ya kumkopesha kila ndugu anayebisha hodi inakoma, kwa sababu ndiyo gharama kubwa isiyo ya lazima. Seli ya ini iliyobanwa na metformini haifi wala haichoki kiasi cha kuonekana. Inaacha ukarimu wake wa gharama.

Na seli inajuaje kwamba mapato yamepungua? Kwa hesabu ambayo nadhani ni moja ya vitu vizuri kuliko vyote katika baiolojia. ATP ikitumika hubaki ADP. Kuna kimeng'enya kinachochukua ADP mbili na kuzigeuza ATP moja na AMP moja, ili kisipotee kitu. Kwa kawaida AMP ndani ya seli ni kidogo mno, kama sehemu moja kwa mia ya ATP. Kwa hiyo ATP ikishuka kidogo tu, kiasi ambacho hata kukipima ni kazi, AMP huongezeka mara kadhaa. Seli haiangalii ilichobaki nacho. Inaangalia AMP, ambayo hupiga kelele mapema.

AMP ikipanda hufanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Inazuia moja kwa moja kimeng'enya kimoja cha njia ya kutengeneza glukosi. Inapunguza usikivu wa ini kwa glukagoni, homoni inayoliambia ini "toa sukari". Hili lilionyeshwa kwa panya mwaka 2013 na kundi la Morris Birnbaum huko Pennsylvania. Na inaamsha protini iitwayo AMPK, ambayo kazi yake ni kusimamisha ujenzi wa vitu vya gharama, mafuta yakiwemo, na kuhimiza uchomaji.

AMPK ndiyo iliyopata umaarufu. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba metformini inaiamsha, na kwa miaka kama kumi hadithi ilionekana imekwisha: dawa inaamsha AMPK, AMPK inashusha sukari. Makala nyingi za afya bado zinaiandika hivyo. Kisha mwaka 2010 kundi la Paris la Marc Foretz na Benoit Viollet likachukua panya wasio na AMPK kwenye ini na kuwapa metformini. Sukari ikashuka vilevile. Hapo ilibidi watu warudi nyuma hatua moja, kwenye upungufu wa nishati wenyewe. AMPK haikufukuzwa kazini, lakini. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada na wenzao walionyesha kwamba inahitajika ili dawa ipunguze mafuta yaliyojaa kwenye ini, na kwamba mafuta hayo yakipungua, ini huanza tena kuisikia insulini. Kwa hiyo kuna athari ya haraka na kuna athari ya taratibu, na ukizichanganya utajikuta unagombana na mtu ambaye mnasema kitu kimoja.

Wapo pia wasiokubali kwamba jambo lote linaanzia kompleksi ya kwanza. Gerald Shulman wa Yale na wenzake walipendekeza mwaka 2014 kimeng'enya kingine cha mitokondria, ambacho kikizuiwa ini hushindwa kuitumia lakteti na gliseroli kutengenezea glukosi. Sheng-Cai Lin na kundi lake huko Xiamen, China, walichapisha mwaka 2022 ushahidi kwamba kwa kiasi kidogo kabisa cha dawa, metformini hushika protini iitwayo PEN2 na kuiamsha AMPK kupitia lisosomu, kijifuko cha seli cha kusaga taka, bila ATP kupungua hata chembe. Mimi si mtafiti, ni mgonjwa anayesoma, lakini sioni haja ya mmoja wao kuwa mwongo. Kinachonishangaza ni kwamba kila upande kwa muda mrefu ulipigania ini, ilhali dawa haifikii ini kwanza.

Na hapa ndipo kiini cha jibu langu kilipo. Swali la "metformini inafanya nini" halijibiki vizuri mpaka uulize "wapi". Karibu kila seli mwilini ina kompleksi ya kwanza. Moyo unaitegemea usiku na mchana. Ubongo vilevile. Kama dawa hii ingeingia kila mahali kwa kiasi kilekile, hakuna daktari ambaye angethubutu kuiandika. Usalama wake hautokani na inachokifanya. Unatokana na mahali inapofika.

Kwa kuwa ina chaji, metformini haiwezi kujipenyeza kirahisi kwenye utando wa seli. Inahitaji protini za kuvusha. Seli za ini zina nyingi za aina iitwayo OCT1, ndiyo maana ini huipata kwa wingi. Figo zina OCT2 na nyinginezo, ambazo huitoa kwenye damu na kuisukuma kwenye mkojo, haraka kuliko uchujaji wa kawaida. Watafiti wa Denmark waliwahi kuwapa watu metformini iliyotiwa kaboni yenye mnururisho na kuifuatilia kwa picha: iling'aa kwenye figo, kibofu, ini na utumbo. Misuli ilipata kidogo tu. Na jambo ambalo huwa nawaambia wanaoogopa kwamba dawa "inabaki mwilini": ini haliivunji hata kidogo. Inatoka kwenye mkojo ikiwa ileile iliyomezwa, na kiasi chake kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6 hivi kama figo ni nzima.

Sasa tumbo. Wiki zangu za mwanzo na dawa hii sizisimulii kwa kirefu. Aliyepitia anajua, na asiyepitia hana haja ya picha hiyo. Kuharisha, gesi, kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni. Niliambiwa ni kawaida na kwamba mwili utazoea, na kweli ulizoea, baada ya dozi kupunguzwa kisha kupandishwa polepole na kumezwa pamoja na chakula. Lakini "ni kawaida" si maelezo. Maelezo niliyoyapata baadaye ni haya: karibu nusu ya kila kidonge haivuki utumbo kuingia kwenye damu. Inabaki hukohuko. Vipimo vya nyama ya utumbo mdogo vimeonyesha metformini kwa kiasi cha mara 30 hadi 300 ya kilichomo kwenye damu. Rudi kwenye ule ugomvi wa milimola na mikromola. Mahali pekee mwilini ambapo dozi ya kawaida hufikia viwango vya sahani za maabara ni hapa, na watu wengi walikuwa hawapaangalii.

Wataalamu wa picha walikuwa wameshaona dalili. Katika kipimo cha PET mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye mnururisho ili kuona ni wapi inaliwa kwa wingi, maana uvimbe wa saratani hula sana. Kwa anayetumia metformini utumbo huwaka wote, kiasi cha kuficha kilicho nyuma yake, na ndiyo maana huambiwa aiache kwa siku mbili kabla ya kipimo cha tumbo. Kwa nini unawaka? Kwa sababu seli za utumbo, mitokondria zake zikiwa zimebanwa, zinarudi kwenye njia ya zamani ya kupata nishati bila oksijeni. Njia hiyo hutoa ATP 2 tu kwa kila glukosi, pale ambapo mitokondria ingetoa 30 hivi. Ili kufidia, seli lazima imeze glukosi nyingi zaidi. Inaivuta kutoka kwenye damu. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walionyesha kwamba sehemu ya sukari hiyo ya kwenye picha huishia ndani ya uwazi wa utumbo, pamoja na mabaki ya chakula.

Kama kuna mahali ambapo mdogo wangu anaweza kudai kwamba alikuwa na robo ya haki, ni hapa. Sukari kweli inaliwa zaidi utumboni. Ila inaliwa kwa ubadhirifu, na seli iliyodhoofishwa.

Mwaka 2016 kulichapishwa jaribio lililonifanya nilikubali jambo hili kabisa. Wagonjwa walipewa metformini iliyotengenezwa ifunguke chini kabisa ya utumbo mdogo, ambako haifyonzwi vizuri. Kiasi kilichofika kwenye damu kilikuwa kidogo sana kuliko kawaida, lakini sukari ilishuka karibu sawasawa. Kisha mwaka 2024 kundi la Navdeep Chandel huko Chicago likatumia ujanja mzuri. Hamira ina protini yake moja ndogo inayofanya kazi ya kompleksi ya kwanza ya kupokea elektroni, na metformini haiwezi kuizuia. Waliwapandikizia panya jeni ya protini hiyo. Panya hao walipopewa metformini, dawa ilipoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kushusha sukari. Baadaye kundi hilohilo likaiweka protini ya hamira kwenye seli za ukuta wa utumbo peke yake, na bado athari ya dawa ikafifia. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote nilioutaja. Hauulizi dawa inagusa nini. Unauliza ni kipi, ukikilinda, kinaifanya dawa isifanye kazi.

Utumbo unaeleza na mambo mengine. Seli zake zikiwa taabani hutoa homoni iitwayo GDF15, ambayo hufika kwenye shina la ubongo na kupunguza hamu ya kula. Kazi iliyochapishwa mwaka 2020 ilionyesha kwamba panya wasio na homoni hiyo hawapungui uzito kwa metformini. Inaeleza pia kwa nini watu hutofautiana. Mwaka 2015 watafiti wa Dundee, Uskoti, waligundua kwamba waliorithi OCT1 dhaifu kutoka kwa wazazi wote wawili ndio waliokuwa rahisi zaidi kushindwa na dawa kwa sababu ya tumbo. Kwa hiyo yule mwenzako wa kliniki anayeharisha mwezi wa tatu mfululizo si lazima awe mzembe wa kula. Huenda ni jeni. Vidonge vinavyofunguka taratibu husaidia wengi, ingawa ganda lake wakati mwingine hutoka zima chooni na kumtisha mtu bure.

Hatari ya dawa hii nayo inatoka palepale. Seli zilizobanwa hutengeneza lakteti nyingi zaidi, na ini, ambalo kazi yake ni kuirudisha lakteti kuwa glukosi, nalo limebanwa. Kwa mtu mwenye figo nzuri, lakteti hupanda kidogo na hakuna madhara. Figo zikishindwa, dawa haitoki, inarundikana, na sasa inafika kwa wingi mahali isipopaswa kufika. Damu hujaa asidi, na hilo huua. Ni tukio adimu, chini ya 10 kwa kila watumiaji 100,000 kwa mwaka, lakini ndilo linalofanya kipimo cha figo kisiwe mapambo. Uchujaji wa figo, ule unaoandikwa eGFR, ukishuka chini ya 30, metformini haitumiki. Mtu anayetapika na kuharisha hadi kukaukiwa maji, au anayeingia upasuaji mkubwa, huambiwa aisimamishe kwa muda. Na unywaji mkubwa wa pombe ni ugomvi mwingine na ini lilelile.

Jinsi mpaka huo ulivyo mwembamba tunaujua kwa sababu ya ndugu wa dawa hii. Ukoo wao unaanzia kwenye mmea uitwao Galega officinalis, wenye kemikali ambayo hushusha sukari na pia huua kondoo wakiula kwa wingi. Kutoka kwenye familia hiyo ya kemikali ilitengenezwa metformini, huko Dublin mwaka 1922, ikakaa miongo bila kazi, na ilitengenezwa pia fenfomini, iliyoanza kutumika miaka ya 1950. Fenfomini ina nguvu zaidi na hupenda mafuta, kwa hiyo hupenya utando bila kusubiri kuvushwa na mtu. Kwa maneno mengine, haichagui pa kwenda. Iliwajaza wagonjwa asidi ya laktiki na kuwaua wengine, ikaondolewa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Metformini ililipia jina baya la nduguye: Marekani haikuiidhinisha hadi Desemba 1994. Miaka 4 baadaye utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulionyesha kwamba wagonjwa wenye uzito mkubwa walioanzishiwa metformini walikufa kwa uchache wa asilimia 36 kuliko waliotibiwa kwa mpango wa kawaida wa lishe.

Vitamini B12 nayo hufyonzwa vibaya kwa watumiaji wa muda mrefu. Ipimwe. Ganzi ya miguu si lazima iwe sukari.

Limebaki jambo linalonisumbua, la watu wasio na kisukari wanaomeza metformini ili wasizeeke. Msingi wao si upuuzi. Mwaka 2014 takwimu za Uingereza zilionekana kusema kwamba wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformini huishi hata kuliko watu wasio na kisukari, na Nir Barzilai wa New York amekuwa akiandaa jaribio la watu 3,000 wa umri wa miaka 65 hadi 79 ili kulipima wazo hilo ipasavyo. Lakini mwaka 2022 watafiti waliotumia takwimu za Denmark hawakuiona faida ile. Na kuna mazoezi. Mtu anapofanya mazoezi, misuli hupitia upungufu wa nishati wa muda, na ni upungufu huo unaoifundisha kujenga mitokondria zaidi. Mwaka 2019 yalitoka majaribio mawili kwa wazee wasio na kisukari. Katika moja, la wiki 12 za mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo, waliomeza metformini hawakupata ongezeko la uwezo wa mitokondria za misuli ambalo wenzao walilipata. Katika jingine, la wiki 14 za kunyanyua uzito, misuli yao ilikua kidogo kuliko ya wenzao. Yaani hata kile kidogo kinachofika kwenye misuli kinatosha kuharibu somo. Mzee mwenye afya anayeacha faida iliyo hakika ya kunyanyua uzito kwa faida ya kubuni ya kidonge, mimi simwelewi.

Kwa sisi wenye kisukari hesabu ni nyingine, na hata hivyo nililibeba swali hilo hadi kwa daktari wangu. Alisema watu wa majaribio yale hawakuwa na sukari yangu, na kwamba hakuna kilichoonyesha niache dawa au niache kutembea. Nikamuuliza kama kumeza usiku na kufanya mazoezi asubuhi kunaweza kuvitenganisha kidogo. Akasema, "Mzee, wewe unasoma sana," akaandika kipimo cha figo na cha B12 kwenye karatasi, akamwita mgonjwa aliyefuata.